Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Ulikuwa wapi, msikilizaji wangu, mwaka ule shule zilipofungwa na watoto wakarudi nyumbani ghafla kama kuku walionyeshewa na mvua? Kama ulikuwa upande huu wetu wa Kapsoit, bila shaka unakikumbuka kimya chake. Kengele ya shule ilinyamaza. Kanisa lilinyamaza. Gari la kiwanda peke yake ndilo lililosikika alasiri likipanda mlima kuja kuchukua majani chai, na ukungu ulikaa mashambani mpaka jua likawa juu kabisa, utadhani nao umeambiwa na serikali usitoke nyumbani.

Ndani ya ukungu huo, Kogo Tapkigen, yaani Bibi Tapkigen, mamake Kiptanui, alianza kusikia sauti.

Alikuwa akikamua. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe wake mwekundu, hapo penye joto, na maziwa yalikuwa yakilia chwaa, chwaa ndani ya kopo, ndipo sauti ikaja kutoka upande wa chai. Haikuwa wimbo wala kilio. Ilipanda, ikashuka, ikatulia kidogo kama inayosubiri kujibiwa, ikapanda tena. Maneno hayakufika. Sikio lake la kushoto lilikuwa limemtangulia kuzeeka.

"Rodah," alimwita mke wa mwanawe, "nani huyo anaongea na shamba?"

Rodah alikuwa akipita na jerikeni ya maji. "Ni Dorine, Mama. Anafanya drama."

"Anamfanyia nani?"

"Anafanyia majani chai." Rodah alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na aibu ndani. "Watu wa ng'ambo ya mto wameanza kuniuliza kama mtoto yuko sawa."

Dorine, binti wa Rodah, alikuwa darasa la saba. Kabla korona haijaja, mwalimu wake alikuwa amemchagua kuwa mwigizaji mkuu wa mchezo ambao shule ingepeleka kwenye tamasha, na wiki ile ile ya kwenda ndipo redio ikatangaza. Shule zikafungwa, tamasha likafungwa, wenzake wakasahau. Yeye hakusahau. Kila asubuhi kabla ya kuchuma alipanda juu ya kisiki cha mkaratusi, akatazamana na ile michai iliyokatwa sawasawa vichwani, safu nyuma ya safu hadi chini mtoni, kama watu walioketi wakanyamaza kwa heshima.

Nyumba yenyewe haikuwa na macho ya kumtazama. Macho yote yalikuwa kwa Kiplimo, kaka yake, aliyekuwa mkimbiaji. Mayai yalikuwa ya Kiplimo. Bonasi ya chai ilipokuja, ilikwenda miguuni mwa Kiplimo ikawa viatu. Mwaka uliotangulia alipotoka mbioni na ushindi, boma zima lilishuka barabarani kumngoja. Kogo mwenyewe alimvika shingoni sinendet, ule mmea mtambaa wanaovikwa washindi, akamnywesha mursik, maziwa yaliyolala, kutoka kwenye kibuyu alichoolewa nacho. Vigelegele vilivuka mto. Hata mgonjwa aliyelala kitandani alijua kwamba mtoto wa kwa Kiptanui amerudi.

Siku hiyo Dorine ndiye aliyebeba vikombe vya chai. Na muhula ule ule, yeye naye alikuja kutoka mashindano ya drama na cheti cha mwigizaji bora, amekikunja ndani ya sweta kisilowe. Alikuta watu wanapukuchua mahindi.

"Umechelewa," mamake alimwambia. "Shika gunia."

Akashika gunia.


Mwalimu Bosire, mwenye drama, hakuwa mwalimu wa serikali. Alikuwa akilipwa na wazazi, na mzazi gani atalipia shule iliyofungwa? Akakaa nyumbani mpaka kukaa kukamshinda. Asubuhi moja akasimama langoni kwa Kiptanui amevaa gambuti za kuazima na aproni ya plastiki.

"Kiptanui, nimesikia unatafuta wachumaji."

Kiptanui alimtazama kutoka chini hadi juu. "Mwalimu! Wewe? Utaweza chai?"

"Njaa haiulizi cheti."

Walimpanga karibu na Yunia, Mkisii mwenzake, mama mmoja mnene mwenye mikono myepesi ambaye alikuwa amechuma shamba hilo tangu Kiplimo akibebwa mgongoni. Kwa kuogopa chifu, Kiptanui alikuwa ameagiza kila mchumaji aache safu tupu kati yake na jirani. Kwa hiyo hata umbea ulibidi kupigiwa kelele.

"Mwalimu!" Yunia aliita. "Hilo ni jani zee hilo! Mawili na chipukizi, mawili na chipukizi! Hukusoma hesabu?"

"Nilikuwa nafundisha Kiswahili, mama!"

"Ndiyo maana!"

Wachumaji wakacheka mpaka ndege wakaruka. Lakini jioni, wakati wa kupima, hakuna aliyecheka. Kiptanui aliingiza mkono kwenye kikapu cha mwalimu, akatoa majani mazee akayamwaga chini mbele ya watu. "Mwalimu, hii nikipeleka, kiwanda kitanirudishia pamoja na matusi." Bosire akainama, akaanza kuyaokota. Dorine alikuwa karibu na mizani. Aligeuza uso akatazama mlima, ili mwalimu wake asijue ameonwa.

Kesho yake, badala ya kumsalimu, alimrushia maneno ya mchezo kutoka safu ya mbali. Mwalimu akainua kichwa. Halafu akamrudishia.

Basi ndivyo walivyoanza. Mchezo wa zamani waliuacha, wakautunga mwingine pale pale, mikono ikichuma na midomo ikijenga. Mwalimu alitupa sentensi, Dorine akaidaka akaitupa tena.

"Sikusikii!" Bosire aliita. "Usiongee na mimi. Ongea na yule wa mwisho, ule mchai wa mwisho kabisa kule mtoni! Huyo ndiye ametembea mbali kuja kukuona!"

Dorine alivuta pumzi, akautafuta mchai wa mwisho kwa macho, akautumia sauti. Yunia akaacha kuchuma. Akajifuta uso kwa mkono wenye utomvu wa chai, ukabaki na mstari mweusi shavuni.

"Huyu mtoto atatumaliza," alisema. "Watu wanakufa huko, na yeye bado anatutoa machozi."

Kogo aliwaona kutoka zizini: vichwa vitatu vinaelea juu ya kijani, ukungu umewashika kifuani, sauti zinakwenda na kurudi juu ya safu tupu kama watu wanaorushiana mtoto mchanga bila kumwangusha. Alidhani anaota. Akarudi kukamua.


Shule zilipofunguliwa mwezi wa Januari, watoto walirudi wakiwa wamerefuka, barakoa zimewafunika hata usijue nani anacheka. Uwanjani kulichorwa alama za chokaa za kusimamia. Na jioni moja Mwalimu Bosire akaja tena kwa Kiptanui, safari hii amevaa koti na tai.

Hakukaribia mlango. Alisimama karibu na kinawio cha mikono. "Nimeletwa na habari nzuri," alisema. "Tamasha la kukusanyika halipo. Lakini kila shule itaigiza uwanjani kwake, tupigwe video, ipelekwe kwa waamuzi. Sisi ni Jumamosi asubuhi. Na Kiptanui, nikuambie ukweli, bila Dorine mchezo huo haupo."

"Jumamosi Kiplimo anakimbia," Kiptanui alisema. "Mbio za kwanza tangu ugonjwa uingie. Nyumba yote itakuwa barabarani."

"Mtoto atakuwa amemaliza kabla ya hapo."

Kiptanui alikuna kidevu. "Tutaona."

Tutaona ya Kiptanui ilikuwa nusu ya ndiyo. Rodah aliijua, Kogo aliijua, na Dorine, aliyekuwa amejibanza nyuma ya jiko, aliruka juu kimya kimya mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

Wiki hiyo hiyo Kogo aliagiza kibuyu kiteremshwe. Kilikuwa cheusi kwa miaka ya moshi, kimevishwa mkanda wa ngozi na ushanga, shingo yake imelainika kwa kushikwa. Si kila maziwa yaliwekwa humo. Kiliwangoja wanaume waliotoka jandoni, na siku hizi kiliwangoja wakimbiaji. Kikisafishwa, kilisuguliwa ndani kwa ufito, kikasuuzwa kwa maji ya moto, halafu kikapakwa mkaa wa mti wa senetwet ndipo maziwa yamwagwe yalale humo. Siku ya kumpokea mtu, kibuyu kilizunguka mdomo kwa mdomo, na masalio ya chini kabisa, yale mazito, yalikuwa ya Kogo.

"Mpe Dorine akisugue," alimwambia Rodah. "Mikono yangu haina nguvu leo."

Ni kweli haikuwa nayo. Siku chache kabla, baridi ilikuwa imemwingia, akawa anakohoa. Kikohozi cha kawaida, alisema mwenyewe, cha moshi na uzee. Lakini mwaka ule hakukuwa na kikohozi cha kawaida. Kwenye baraza la chifu mtu wa afya alikuwa amesimama akasema kikombe cha midomo mingi ndicho daraja la ugonjwa. Na mzee Kimeli wa ng'ambo, aliyeanza hivyo hivyo kwa kikohozi, alizikwa asubuhi mapema na watu waliovaa plastiki nyeupe, watoto wake wamesimamishwa kule kwenye ua kama wapita njia.


Kogo alikiinua kibuyu akakiweka puani, kama alivyofanya tangu akiwa msichana. Alitarajia moshi. Ikamjia harufu ya maua, ya duka, ya mtoto aliyeogeshwa kwenda kanisani.

"Rodah! Nani ameweka sabuni humu?"

Rodah alikuja mbio, akanusa, akashika kiuno. "Uuuwi."

"Ni mimi, Kogo," Dorine alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Hujui kibuyu hakioshwi na sabuni?"

"Najua."

"Unajua, na ukaweka?"

Mtoto alitazama sakafu. Kiptanui akaingia akiuliza kuna nini, akaambiwa, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyeambiwa ng'ombe amekufa.

"Msichana wa Kipsigis! Anaosha sotet na sabuni! Hata mtoto wa chekechea hafanyi hiyo."

"Labda ni hiyo drama yao," Rodah alijaribu. "Kutwa nawa mikono, nawa mikono, imemwingia kichwani."

"Kama ni drama, basi imeisha." Kiptanui hakupaza sauti, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya. "Jumamosi hakuna kwenda mahali. Utabaki hapa uoshe vikombe. Hivyo ndivyo vinaoshwa na sabuni."

Dorine alimtazama Kogo. Neno moja tu la Kogo lingetosha, maana katika boma lile mwana hakumpinga mamake. Lakini Kogo alikuwa amekipakata kibuyu mapajani kama mtoto mwenye homa, na neno halikumtoka.

Walijaribu. Walikisuuza, wakakifukiza, wakakipaka mkaa upya, wakamwaga maziwa kidogo. Maziwa yaligoma kushikana, yakatoa povu. Wakampa mbwa; akaonja, akapiga chafya, akaenda kulala mbali. Ikabidi Rodah avuke mto kwenda kuazima mursik kwa mjane wa Kimeli. Alirudi na kibuyu cha watu kichwani na uso umemvimba.

"Amenipa," alisema. "Lakini ameniuliza mbele ya wakwe zake, kwani kibuyu cha Tapkigen kimekufa?"




Ijumaa alasiri mvua ilinyesha, ikaacha. Ukungu ukapanda kutoka mtoni, mzito na mweupe kama maziwa yaliyokataa kibuyu. Kogo alikuwa akimtafuta ndama kando ya chai, ndipo sauti ikaja. Na safari hii, sijui ni kwa sababu ya utulivu wa baada ya mvua, sijui ni sauti iliyokuwa imekomaa kwa miezi yote ile ya kuutafuta mchai wa mwisho, maneno yalifika. Yaliingia hata kwenye sikio lililozeeka.

"Nani amefunga mlango? Wewe mtoto, najua uko hapo nje. Naiona miguu yako hapo chini. Umevaa viatu vya kushoto vyote viwili tena!"

Kogo alisimama. Juu ya kisiki kulikuwa na bibi mzee. Alikuwa ameinama, mkono mmoja umeshika nyonga, na kabla ya kusema tena alichokonoa sikio la kushoto kwa kidole kidogo, akatikisa kichwa, akabofya ulimi kama anayefukuza ng'ombe. Kogo aliutazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umeshika nyonga.

"Wanasema nisiwaguse," bibi aliendelea. "Mimi niliyewatoa kamasi kwa mdomo! Sikiliza. Weka mkono wako hapo kwenye ubao. Hapo. Nami ninaweka wangu huku. Umeweka? Basi tumesalimiana."

Michai ilinyamaza, safu nyuma ya safu, matone yakidondoka. Bibi alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha Kogo chenyewe, kile cha wiki hii, chenye mluzi mwishoni. Halafu akapakata kitu kisichokuwepo, akakipapasa shingoni.

"Na wewe kibuyu changu. Midomo yote ya nyumba hii imepita kwako. Ulikuwa daraja letu. Leo naogopa ni nani atavuka."

Kogo aliketi chini, hapo hapo kwenye nyasi zenye maji. Tawi likavunjika. Bibi akapotea, akabaki msichana mwenye sweta ya shule.

"Kogo! Utashikwa na baridi!"

"Njoo hapa."

Dorine aliteremka, akasimama mbali kidogo, umbali wa safu moja tupu.

"Sabuni uliiwekea nini?"

"Ulikuwa unakohoa." Sauti ile kubwa ilikuwa imekwisha yote, imebaki ndogo kama uzi. "Na Jumamosi watu wangekuwa wengi. Wote wangekunywa, halafu wewe ndiye unamalizia. Mzee Kimeli alianza hivyo."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

Kogo alifikiri. "Ningekataa," alikubali. Alinyoosha mkono ili ainuliwe. "Na kile kikohozi? Nani alikupa ruhusa ya kukiiba?"

Dorine hakujua kama acheke. Alimtazama Kogo vizuri, akaona bega linatikisika, akacheka.


Jumamosi asubuhi Kogo alitoka amevaa viatu vya kanisani na kitambaa chake cha buluu, barakoa imemning'inia kidevuni. Kwenye kikapu alikuwa na kibuyu.

Kiptanui alikuwa uani akitengeneza sinendet. "Mama, unaenda wapi na baridi hii?"

"Naenda shule."

"Shule gani?"

"Kuna nyingine? Ile ya hapo juu. Sijawahi kuingia. Enzi zetu wasichana tuliambiwa shule ni ya kupita nje." Akapanga fimbo yake vizuri mkononi. "Nami siwezi kutembea peke yangu kwenye matope. Dorine atanishika mkono."

"Mama, mimi nilisema..."

"Nilikusikia ulivyosema. Sasa wewe nisikie mimi."

Kiptanui akarudi kwenye majani yake. Langoni Rodah aliwakimbilia. Alimtupia Dorine mabegani jaketi jekundu la mazoezi la Kiplimo, akamfunga zipu mpaka shingoni kama mtoto wa nasari, akarudi jikoni.

Uwanjani upepo ulikuwa mkali. Watoto walisimama kila mmoja kwenye alama yake ya chokaa, barakoa usoni, na kijana Kepher, mpiga picha za harusi kutoka Kapsoit, alikuwa ameinamia kamera yake juu ya meza. Walianza, wakasimamishwa. Walianza tena.

"Mwalimu, sauti haifiki!" Kepher alilalamika. "Naona vitambaa tu vinatingishika!"

Bosire alijishika kichwa. Alikuwa amewasihi wakubwa wake wamruhusu mchezo huu. Wengine walikuwa wamesema pale ofisini kwamba mchuma chai hawezi kutunga kitu. Kisha akamwona Dorine akimwendea Kogo kando ya uwanja na kunong'ona, na Kogo akitoa kibuyu kikapuni.

"Chukua," Kogo alisema. "Maziwa yamekikataa. Kipe kazi nyingine."

Mtoto akarudi kwenye alama yake, akainama, akashika nyonga. Hakutazama kamera. Aliutazama ua wa mbali, nguzo ya mwisho kabisa.

"Nani amefunga mlango?"

Barakoa haikuzuia kitu. Kwenye njia iliyopita nje ya ua, wanawake wawili waliobeba kuni walisimama na mizigo yao kichwani. Upepo wenyewe ulikuwa kama umeketi. Alipoweka mkono wake hewani, kwenye ule ubao usiokuwepo, Kogo akiwa pale kwenye benchi aliinua wake bila kujua. Yunia, aliyekuja na kikapu cha chai mgongoni akisingizia anapita tu, alijifuta uso kwa aproni. Na Mwalimu Bosire aliwapa watu mgongo akatazama mlima kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mvua.

Ilipokwisha, hakuna aliyepiga makofi. Kepher alikuwa amewaonya watu wasitoe hata chafya hadi atakaposhusha mkono, na aliposhusha, kila mmoja alikuwa bado anaogopa kuwa wa kwanza.

"Sawa, imeingia," Kepher alisema. "Sogezeni hiyo benchi, nipige wa shairi."

Dorine alisimama kwenye chokaa kidogo, kibuyu mkononi, akingoja kitu. Halafu akaja kumshika Kogo mkono.


Waliteremka polepole. Ukungu ulikuwa umerudi, umelala juu ya barabara ya murram, na michai ya pande zote mbili ilionekana safu moja tu, halafu weupe. Yunia alikuwa amewatangulia kwa hatua zake za haraka. Kogo alitaka kusema kitu. Maneno yalikuwepo, lakini maisha yake yote alikuwa amezoea kuwasifu ng'ombe na wanaume tu, na ulimi haukupata njia.

Karibu na kituo cha kununua chai, boma zima lilikuwa limesimama. Kiplimo alikuwa amepiga simu: ameshuka Kapsoit, anakuja kwa miguu. Hakuwa wa kwanza, alikuwa wa tano, lakini wa tano mwaka ule wa ugonjwa alikuwa mshindi kabisa. Kiptanui alikuwa na sinendet begani. Rodah alishika kibuyu cha kuazima. Majirani walijipanga kando ya barabara, barakoa usoni, shingo zimerefuka kuutazama ukungu. Vikombe vilikuwa kwenye beseni juu ya nyasi.

Ndipo mtu akaona wekundu wa jaketi.

"Huyo! Huyo anakuja!"

Vigelegele vikapasuka. Viliupasua ukungu, vikaruka juu ya chai, vikagonga ng'ambo ya mto vikarudi maradufu. Kogo alihisi kiganja cha mjukuu wake kikipata joto ghafla ndani ya kiganja chake. Dorine alikuwa amesimama. Kisha akaanza kutembea tena, na hatua hazikuwa zile za mwanzo: mgongo umenyooka, uso umeinuka, anatembea ndani ya vigelegele vile kama mtu aliyeingia kwenye mto wa maji ya uvuguvugu na hataki kufika ng'ambo.

"Ngojeni," Kiptanui akasema. "Ngojeni kwanza. Ni Dorine tu."

Vigelegele vikazimika kimoja kimoja. Cha Yunia kilibaki nyuma peke yake, kikayumba, kikafa nacho. Rodah akateremsha kibuyu. Mtu akacheka nyuma ya barakoa, na mjane wa Kimeli akawapungia mkono kwa upole, "Piteni, piteni upande huu, msizibe barabara. Mwenyewe yuko nyuma."

Mahali pa Dorine palikuwa panajulikana. Beseni lilikuwa pale pale kwenye nyasi, vikombe vimefunikwa kwa kitambaa, na kila mtu alikuwa amekwisha kugeuza macho kutazama ukungu tena. Alilitazama beseni. Kogo hakuuachia mkono wake. Aliushika tu, akasimama katikati ya barabara na viatu vyake vya kanisani, kama ng'ombe mzee aliyekataa kusukumwa.

Dorine akashusha barakoa. Alivuta pumzi. Macho yake yakapita juu ya vichwa vya watu, yakaenda chini mtoni kutafuta ule mchai wa mwisho, halafu yakarudi, yakatua usoni mwa babake.

"Baba," alisema, na maneno yakafika kwa kila mtu, "mimi nilikuwa nataka msinyamaze."